Bei ya Mpita Njia

Mtu anayefunga mizigo ya kwenda kulala hemani husahau vitu vilevile walivyosahau waliomtangulia. Hema hasahau, godoro la kujaza upepo hasahau, wala ile spika ambayo majirani zake kambini watailaani mpaka alfajiri. Anachosahau ni kibiriti. Anasahau chumvi, kisu, karatasi ya chooni na kitunguu. Usahaulifu huo ni sehemu ya riziki ya wenye maduka katika soko la Donyo Sabuk, chini ya mlima ambao wenyeji huuita Kyanzavi na wengi wetu huuita Kilimambogo, kwenye ile pembe ya Kaunti ya Machakos inayoelekea Thika. Nasema sehemu, kwa sababu kwa muda mrefu nilidhani ndiyo riziki yenyewe.

Mlima huo ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1967. Ni hifadhi ndogo, kilomita za mraba zipatazo 20 tu, na kilele chake kiko mita 2,145 juu ya usawa wa bahari. Nyati wamo, tena si wachache, ndiyo maana anayetaka kupanda kwa miguu huongozana na askari wa wanyamapori mwenye bunduki. Njiani atapita makaburi ya Sir William Northrup McMillan, tajiri mzaliwa wa Marekani aliyefariki mwaka 1925, na watu wa nyumbani kwake. Inasimuliwa kwamba alitaka azikwe kileleni kabisa, lakini chombo kilichovuta jeneza lake kikashindwa na mlima katikati ya safari, basi wakamlaza pale pale. Hata matajiri mizigo huwashinda.

Mwisho wa wiki huja wanafunzi wa vyuo, vikundi vya kanisa, vijana wa vyama vya kupanda milima, na familia za Nairobi zenye watoto ambao hawajawahi kuona giza la kweli. Wengine hurudi jioni, wengine hulala. Kambi ni za kujitegemea: unakuja na chakula chako, sufuria yako na moto wako. Kwa hiyo kabla ya kukata kona ya kuelekea langoni, gari husimama sokoni, milango yote minne ikafunguka kwa mpigo, na kila mmoja akakumbuka jambo lake.

Duka ninalolifikiria halina tofauti na maelfu mengine ya nchi hii. Ni chumba cha mawe chenye dirisha la wavu wa chuma, na kwenye wavu pamekatwa tundu la kupitisha mkono na pakiti ya mkate. Nyuma ya wavu kuna unga wa mahindi, sukari iliyopimwa robo robo na kufungwa kwenye karatasi, majani ya chai ya kifuko, mche wa sabuni uliokatwa vipande, mishumaa, betri, sigara za kuuzwa moja moja. Pembeni kuna mtungi wa mafuta ya kupikia yanayopimwa kwa pesa uliyo nayo: ukisema ya shilingi 20, utapewa ya shilingi 20. Hii ndiyo biashara ya kadogo, na yeyote aliyekulia Kenya ameishi ndani yake. Nje, chini ya kivuli cha bati, kuna gunia la mkaa na mkebe juu yake. Ukutani pamebandikwa nambari ya kulipia kwa simu, na juu yake, kwa kalamu nyekundu, onyo la kale lisiloheshimiwa na yeyote, hata na aliyeliandika: Leo pesa, mkopo kesho.

Kuna bidhaa moja ambayo sheria imeifanyia vituko. Tangu tarehe 5 Juni 2020 Kenya imepiga marufuku plastiki za kutumia mara moja katika hifadhi za taifa, misitu na fuo zinazolindwa: chupa za maji, vikombe, sahani, vijiko, mirija. Mifuko ya plastiki ilikuwa imekwisha kupigwa marufuku nchi nzima mwezi Agosti 2017. Basi hapo sokoni chupa ya maji ni halali, kilomita chache mbele ni kosa. Niliwahi kuwatazama wasichana watatu wakinunua maji, wakafungua chupa pale pale kwenye ngazi ya duka, wakayamimina kwenye chupa za chuma walizotoka nazo nyumbani, kisha wakaziacha zile za plastiki zimepangwa mstari dirishani kama askari. Mwenye duka alizikusanya bila neno. Chupa tupu ina wateja wake hapo mtaani: wa kuuza asali, wa kuuza maziwa, wa mafuta ya taa. Serikali ilitaka chupa isiingie mlimani. Haikusema iende wapi, naye mwenye duka akajaza pengo.

Siku hiyo hiyo nilisikia mabishano ambayo sijaacha kuyatafakari. Kijana mmoja, miwani ya jua kipajini, aliuliza bei ya mkaa.

"Mathe, mkebe ni ngapi?"

"Mia."

"Mia? Na si huyo ametoka hapa sasa hivi umempa wa themanini? Nimesikia."

Aliyetoka alikuwa mama wa makamo, kanga kiunoni, aliyekuwa amemwita mwenye duka "mwaitu", kama wanavyoitana kwa heshima huko Ukambani, akachukua mkaa na robo ya sukari akaondoka pole pole.

"Kijana wangu," mwenye duka akajibu, "huyo hajanunua. Huyo amekopa."

Kijana alicheka, akalipa mia. Nadhani aliona ni mzaha mzuri wa kibiashara. Mimi niliona daftari. Lilikuwa la shule, la kurasa 96, lenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma, na kalamu imefungwa kwa uzi ili isipotee. Kila ukurasa una jina au, mara nyingi zaidi, cheo cha nyumbani: mama fulani, mwalimu, fundi wa baiskeli, wa kisimani. Chini ya jina kuna vitu na bei, vingine vimekatwa mstari kwa kuwa vimelipwa, vingine vinasubiri mshahara, mavuno, au pesa kutoka kwa mtoto aliyeko mjini. Mwenye daftari hilo anajua zaidi ya chifu ni nyumba gani ina mgonjwa na ni nyumba gani mwanaume ameacha kutuma kitu.

Basi nikapiga hesabu ambayo kijana hakuipiga. Shilingi 20 za ziada alizotoa hazikwenda kwenye anasa ya mtu. Zilikwenda kuziba shimo la zile 80 zilizotoka mlangoni dakika mbili kabla, ambazo labda zitarudi mwisho wa mwezi, labda baada ya mvua za Novemba, labda zisirudi. Unga na sukari vyenyewe vimetoka Thika, na aliyevileta amelipwa nauli taslimu. Muuzaji wa jumla hapokei hadithi ya mvua. Mahali fulani kati ya jumla inayotaka pesa leo na jirani atakayelipa kesho, lazima apatikane mtu mwenye pesa mkononi ambaye hatarudi kudai. Mtu huyo ni mpita njia. Bei yake ndiyo inayobeba deni la mwenyeji.

Najua kuna watakaosema huu ni wizi uliovishwa nguo nzuri. Mgeni kulipishwa zaidi kwa sababu ni mgeni, hilo tumelilalamikia kila mahali, kuanzia teksi za uwanja wa ndege hadi ngalawa za Lamu, na ni kweli wako wauzaji wanaomwona mgeni kama embe lililoanguka. Lakini tofauti iko kwenye daftari. Duka lisilo na daftari likiuza kwa mia linakula mia. Duka lenye daftari linagawa.

Linganisha na kambi za Ulaya, zile za magari yanayovuta vijumba vya magurudumu. Pwani ya Ufaransa, kambi kubwa huwa na kiduka chake ndani ya ua: unaagiza mkate jioni, unauchukua asubuhi ungali na joto, na hapo hapo kuna mitungi midogo ya gesi, dawa ya mbu, na barafu. Ni huduma safi. Wageni wakiondoka mwisho wa kiangazi, pazia la chuma linashushwa hadi mwaka ujao. Hakuna aliyebaki nyuma anayehitaji robo ya sukari. Duka la namna hiyo ni la msafiri mtupu, na bei yake haina wa kumbebea deni. Kwetu sijaona duka la msafiri mtupu likidumu. Hata lile lililojengwa kwa ajili yake, siku ya Jumatatu huuza chumvi kwa jirani.

Na mji wa Machakos wenyewe ni ushahidi, maana mji huo ulianza kama kambi. Watu walikuwapo, bila shaka. Vilima vya Iveti na Mua vilikuwa na mashamba na ng'ombe kabla ya mgeni yeyote kuchora ramani, na jina la mji limetokana na Masaku, mwaguzi aliyeishi huko. Ila kilichokuja kuitwa mji kilikuwa kituo cha misafara. Kampuni ya Imperial British East Africa, iliyopata hati ya kifalme mwaka 1888, ilihitaji mahali pa kupumzikia na kulisha watu kwenye njia ndefu ya kutoka Mombasa hadi Uganda. Mpagazi aliyekwisha kuvuka nyika kavu ya Taru alifika Machakos akiwa na njaa, na mbele kulikuwa na safari bado.

Wakamba hawakuwa wageni wa jambo hilo. Miongo kadhaa kabla, walikuwa wenye misafara wao wenyewe. Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa Kitui aliyempokea mmisionari Ludwig Krapf mwaka 1849, alikuwa akipeleka pembe za ndovu pwani. Kwa hiyo walipowaona watu wa Kampuni wakipiga hema, walikuwa wanajua safari inakula nini na inalipa nini.

Ukiitazama biashara ya kambi hiyo leo, inachekesha jinsi ilivyopinduka. Siku hizi msafiri huja mtupu na duka liko kwa mwenyeji. Wakati ule duka lilikuwa kichwani mwa mpagazi. Kila mzigo, kiasi cha kilo 30 au zaidi kidogo, ulikuwa na marobota ya amerikani, ile nguo ya pamba iliyoanza kuletwa na meli za Massachusetts, au kaniki, au shanga, au mizunguko ya waya wa shaba. Hivyo ndivyo vilivyokuwa pesa. Mwenyeji naye alikuwa na unga, maharage, mtama, kunde, viazi, miwa. Posho ya mpagazi kwa siku ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka, na vibaba vinne ni pishi. Msafara wa watu 200, ambao haukuwa mkubwa, ulikula pishi 50 kwa siku moja, na ukikaa siku tatu kupumzika na kupakia chakula cha siku nyingine kumi za mbele, hesabu hiyo inahitaji vilima vizima vya mashamba. Mizigo ya vitambaa ikafunguliwa, wanawake wakashuka na viondo mgongoni, na soko likaota kando ya hema.

Bei iliamuliwa hapo hapo, na mgeni hakuwa na nguvu aliyodhani. Shanga zilikuwa na msimu wake kama mitindo ya nywele. Rangi iliyotafutwa mwaka jana inaweza kukataliwa mwaka huu, na kiongozi wa msafara aliyekuja na rangi isiyotakiwa alikuwa sawa na mtu mwenye noti za zamani za shilingi 1,000 baada ya Septemba 2019: anazo, zinang'aa, na hazinunui kitu. Nayapenda sana maelezo ya aina hii katika historia ya misafara, kwa sababu yanamrudisha mama mwenye kiondo kwenye nafasi yake. Yeye ndiye aliyekuwa nyuma ya wavu.

Palipokuwa na mgeni asiyetaka kulipa, mambo yaliharibika upesi. Ngome ya kwanza ya Kampuni huko Dagoretti, iliyojengwa na Frederick Lugard mwezi Oktoba 1890, haikumaliza mwaka. Misafara ilikuwa ikichukua chakula mashambani kwa nguvu, Wakikuyu wakaizingira, walinzi wakakimbilia Machakos, ngome ikachomwa. Vitabu vya shule hulitaja tukio hilo kama ukurasa wa mapambano dhidi ya ukoloni, na ni kweli. Lakini mwanzo wake ulikuwa viazi visivyolipiwa.

Kisha ikaja njaa. Kati ya mwaka 1897 na 1899 ukame, nzige, sotoka iliyomaliza ng'ombe na ndui iliyomaliza watu viliandamana katika Ukambani yote. Wakamba waliiita Ngomanisye, na wazee bado hulitamka jina hilo kwa sauti ya chini. Vilima vilivyolisha misafara havikuwa na kibaba cha kujilisha. Katika miaka hiyo hiyo reli, iliyoanza Mombasa mwaka 1896, ilikuwa ikisogea kwa kasi kwenye tambarare za kusini, ikiwa na maelfu ya vibarua kutoka India ambao mchele na unga wao vililetwa kwa mkataba na wafanyabiashara kama A. M. Jeevanjee. Treni iliyopita karibu na watu wenye njaa ilikuwa imejaa chakula cha wengine.

Reli haikupanda Machakos. Vilima vilikuwa gharama, hivyo ikapita mbali kule chini, Ulu, Konza, Athi, ikafika kwenye kinamasi cha Nairobi mwezi Mei 1899. John Ainsworth, aliyekuwa mkuu wa kituo cha Machakos tangu siku za Kampuni, akahamishia makao ya jimbo Nairobi mwaka huo huo. Kwa hesabu ya msafiri, Machakos ilikuwa imekwisha. Nani tena apite hapo kwa miguu, wakati Mombasa hadi Nairobi ni suala la tiketi?

Ila mji haukufa. Kilichouokoa si ngome, bali maduka, na maduka hayakuwa yakimngoja msafiri tena. Huu ndio wakati wa duka la Mhindi, ambalo vizazi viwili vya Wakenya vililichukia na kulitegemea kwa wakati mmoja. Mfano wake mkubwa ni Alidina Visram, mzaliwa wa Kutch aliyekuja pwani yetu akiwa kijana mdogo, akaanzia Bagamoyo kwenye biashara ya misafara, kisha akaifuata reli kwa matawi ya maduka hadi Uganda. Alifariki mwaka 1916. Aligundua mapema jambo ambalo Kampuni yenye hati ya kifalme haikuligundua kabla ya kufilisika: msafara hupita, lakini mkulima anayetaka chumvi, jembe na shuka atataka tena mwakani. Duka likahama kutoka kichwani mwa mpagazi likakaa chini ya bati, na pamoja nalo likaja daftari. Muuzaji wa jumla wa Mombasa alimkopesha mwenye duka la mji, mwenye duka la mji akamkopesha wa kijijini, wa kijijini akamkopesha mkulima kwa dhamana ya ngozi, mahindi au maharage. Ulikuwa mnyororo, na wako waliofungwa nao. Baada ya uhuru, Sheria ya Leseni za Biashara ya mwaka 1967 iliwawekea mipaka wafanyabiashara wasio raia, na maduka mengi ya miji midogo yakapata wenyewe wapya. Majina juu ya milango yalibadilika. Daftari lilibaki mezani.

Misafara nayo ilirudi, kwa magurudumu. Anayetaka kuiona asiende makumbusho, aende Mlolongo, ule mji wa Kaunti ya Machakos kwenye barabara ya Mombasa uliopata jina lake kwa foleni za malori yaliyongoja kupimwa uzito. Dereva wa masafa marefu anayetoka bandarini kwenda Kampala au Kigali ni mpagazi wa zama zetu: mzigo si wake, njia si yake, na hulala pale usiku unapomkuta. Mlolongo ulimlisha na kumnywesha, ukamuuzia kadi ya simu, sabuni, chapati za kufunga, na mengine ambayo gazeti la heshima huyapita haraka. Halafu reli ikarudia mchezo wake. Treni mpya ya Mombasa hadi Nairobi ilizinduliwa tarehe 31 Mei 2017, mizigo ikaanza kubebwa mwezi Januari 2018, na miji ya njiani kama Mtito Andei na Emali ikalalamika kwamba malori yamepungua. Mwaka 2022 ikafunguliwa barabara ya kulipia inayoanza hapo Mlolongo na kukupeleka Westlands ukiwa juu juu, usione hata kibanda kimoja.

Nenda leo uone kama Mlolongo umefungwa. Ghorofa za kupangisha zimesimama kila upande, na chini ya kila ghorofa kuna duka la dirisha la wavu. Wapangaji ni vibarua wa viwanda vya Athi River, walinzi, wafanyakazi wa uwanja wa ndege, walimu. Wanarudi saa mbili usiku na kununua maziwa, nyanya mbili na mafuta ya shilingi 20. Malori yaliujenga mji, lakini wanaoulipia kodi ni hao. Na ukichungulia utaona daftari.

Kwenye njia hiyo hiyo, mbele zaidi, pako mahali panapoharibu hesabu yangu yote. Hekalu la Masingasinga la Makindu, lililojengwa mwaka 1926 na jamii ya watu wa reli, humlisha msafiri yeyote bila kumuuliza dini wala pesa. Unavua viatu, unafunika kichwa, unaketi, unapewa chapati, dengu, wali na chai. Makindu iko Makueni, ambayo hadi mwaka 1992 ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Machakos. Hapo hakuna bei ya mpita njia. Kuna sanduku la sadaka ambalo hakuna anayekuchunga ukilipita. Nimejaribu kulielewa hekalu hilo kama duka na nimeshindwa, na nadhani ni vizuri nishindwe. Ila naona kwamba hata huko kuna watu wanaolipa kwa ajili ya wengine. Tofauti ni kwamba wanajua wanalipa, na wamependa. Yule kijana wa miwani hakujua.

Je, ingefaa ajue? Nimewaza kwamba mwenye duka angeweza kuandika ukutani: shilingi 20 zako zimemnunulia jirani sukari. Watu wa mashirika wangeipenda sana ishara hiyo, wangeipiga picha. Lakini ingemvua nguo yule mama wa kanga. Deni la dukani hufaa kwa sababu halina jina la msaada. Anakopa, anaandikwa, anadaiwa, anakwepa kupita mbele ya duka wiki nzima, analipa nusu, wanacheka, anakopa tena. Ni mtu mzima mwenye ahadi, si mhitaji. Bora mgeni adhani ameibiwa kidogo.

Ukambani inajua pia kwamba pesa mkononi si mwisho wa mambo. Njaa ya mwanzoni mwa miaka ya 1980 watu waliipa jina la Nikw'a Ngwete: nakufa nami nimeshika. Kilichoshikwa ni pesa. Kahawa ilikuwa imeuzwa, mishahara ililipwa, watoto walituma hundi, na madukani hakukuwa na unga. Mwaka 1984 yakaja mahindi ya njano kutoka nje, ambayo watoto wa wakati ule, sasa watu wazima wenye vitambi, bado huyataja kwa kukunja uso. Waliokuwa na maduka siku hizo walilazimika kuchagua: kilo tano zilizobaki ziende kwa mwenye noti au kwa mwenye ukurasa kwenye daftari? Sijui duka lolote la Machakos lenye umri huo ambalo watu wa jirani hawakumbuki mwenyewe alichagua nini. Wako wanaopitwa hadi leo bila kusalimiwa.

Kambi zenyewe zinabadilika. Kando ya vilima vya Lukenya na karibu na bustani ya umma iliyofunguliwa mjini Machakos mwaka 2014, na kuuzunguka Kilimambogo pia, zimechipuka kambi za watu binafsi zenye mahema yenye vitanda, taa za waya na picha za kupostiwa. Mgeni hulipa kila kitu kwa pamoja, chakula kimo, na chakula hicho kimetoka kwenye supamaketi ya Nairobi ndani ya sanduku la barafu. Gari lake halisimami sokoni. Nilimuuliza yule mwenye duka wa Donyo Sabuk kama hilo halimtishi. Akasema wanasahau tu hata hao, ila siku hizi hawashuki, wanapiga simu.

Na wakati tunaongea simu ikalia. Hema fulani lilitaka viberiti viwili, mkate, chumvi, kitunguu na mkaa mikebe mitatu. Kijana wa bodaboda akaitwa, akafunga mzigo nyuma ya pikipiki kwa mpira, akaweka kitunguu mfukoni. Hakuwa na pesa ya kununua mzigo huo, na walioko kambini wangemlipa yeye akishafika. Mama akavuta daftari, akatafuta ukurasa wa kijana huyo, akaandika vitu vyote sita kwa mpangilio, nauli ikiwa ya mwisho. Mkaa aliuandika mia.

"Wakiuliza," akamwambia, "sema mia na thelathini. Mlima ni wako."